Nusu Tangi

Wajerumani waliolileta walikuwa na jina lao la gari lile, jina refu la kutafuna kabla ya kumeza. Sisi watu wa kijiji cha Mapera tuliliita Kabati. Ndani lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi lisilo na gesi, choo cha kukalia ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, na vikabati kumi na vinne. Nilivihesabu mwenyewe, na habari hii ikifika katikati utaona kwa nini nilijuta kuvijua vyote.

Lilikuja Umatengo, kwetu milimani, mwaka 1995 na bwana mmoja na mkewe, wote wamevaa kofia kama wafuga nyuki. Giaboksi ikawafia Mbinga mjini. Mjomba Othmar, kaka yake mama yangu, akawahangaikia wiki tatu: fundi, vipuri, ugali. Mwisho wakachoka, wakaenda zao kwa ndege, na gari wakamwachia yeye. Mjomba alikuwa dereva wa lori la ushirika miaka kumi na moja, mpaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na yeye akapunguzwa. Neno zuri hilo, kupunguzwa. Utadhani alikuwa mnene.

Pamoja na gari walimwachia daftari la mashauri kwa Kiingereza. Mimi, Ida, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya ila kuwacheka watu, basi nikapewa kazi ya kulitafsiri. Kila kitu kipimwe kabla hakijapanda. Vizito vikae chini, katikati ya magurudumu. Juu weka shuka na mkate. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi ama lijae ama liwe tupu, nusu tangi ni adui. Mlima ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Breki zikichemka usizimwagie maji, zisubiri.

"Watu gani hawa wanaopima mkate?" nilimuuliza Mjomba.

"Watu waliofika Mbinga kutoka Ulaya," akasema. "Wewe umefika wapi?"

Mimi nilikuwa nimefika Songea mara mbili.

Sasa, mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ikaja barua kutoka Mbamba Bay. Ilikuwa ya Bibi Dorothy, dada mkubwa wa bibi yangu Serafina, imeandikwa kwa mkono unaotetemeka: "Alhamisi saa kumi jioni meli inanichukua kwenda Kyela kwa mwanangu Adrian, anipeleke hospitali. Sijui kama nitarudi. Kama una mguu, njoo nikuone."

Unatakiwa kujua mambo mawili. La kwanza, Bibi Serafina ni mtoto wa ziwani, Mnyasa wa Kianglikana, aliyepandishwa mlimani na mapenzi akaolewa na Mmatengo Mkatoliki. Dada yake hakuja harusini, na Bibi naye hakumwita tena. Miaka thelathini na minane walikuwa wanasalimiana kwa kupitia wauza samaki. La pili, mguu kweli hakuwa nao. Mwezi wa tatu aliteleza shambani akavunja nyonga, na tangu hapo hakuweza kukaa kitako wala kusimama. Alilala chali tu. Kwenye basi hawezi kupanda, na juu ya magunia ya lori hafiki hata Mbinga.

Nilipomsomea barua akasema, "Mwambie Othmar. Mguu sina, lakini yeye ana kabati."

* * *

Jumatano Mjomba aliazima mizani ya kupimia kahawa, akaisimamisha uani kama hakimu. Kila kilichotaka kupanda kilipita pale. Godoro, kilo tisa. Bibi Serafina tulimpima pamoja na machela yake, halafu tukaitoa machela: kilo arobaini na nne. Mimi arobaini na saba. Halafu ikawa zamu ya Mama Mdogo Ottilia, mdogo wake Mjomba, ambaye alikuwa anakuja kumhudumia Bibi njiani.

"Mimi si gunia," akasema.

"Panda, dada."

"Nimezaa watoto sita, nimelima mlima mzima kwa mkono huu, leo nipimwe kama kahawa ya maganda?"

Akapanda. Sindano ikakimbia. Mjomba akasoma kwa sauti, kosa ambalo hata mbwa wa pale uani alilitambua: "Tisini na mbili!"

Mimi nikaongeza kosa juu ya kosa: "Daraja la kwanza hilo, Mjomba. La kuuza nje."

Mama Mdogo alishuka. Hakutusemesha mpaka kesho yake.

Mimi niliandika daftarini orodha ya kila kitu na mahali pake, Mjomba akapiga hesabu: mzigo wote na watu, pamoja na tangi la maji kujaa, kilo mia sita na hamsini, wala asiongeze mtu hata kitunguu. Tangi hilo lilikuwa kazi ya fundi wa Mbinga, kwa sababu lile la plastiki lilipasuka. Lilikuwa sanduku la bati nene, refu kama jeneza, limelazwa nyuma kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, na juu lina mfuniko mpana. Lita mia mbili. Ndani halina kizuizi chochote. Maji yakitaka kwenda kushoto, yanakwenda. Na tuliyahitaji: Bibi alikuwa anaogeshwa hapo hapo kitandani, na rejeta ilikuwa inavuja kama pua ya mtoto.

Habari ya kwamba Bibi Serafina anarudi kwao ziwani ilikuwa imeshafika kila boma. Na kwetu mtu haendi kwa ndugu zake mikono mitupu, sembuse mwanamke aliyeolewa mbali. Akifika na mikono mitupu, watu wa kule watasema mlimani alikula njaa, na aibu si yake, ni ya ukoo uliomwoa. Kwa hiyo alfajiri ya Alhamisi, kabla Mjomba hajamaliza chai, wakaanza kuja. Shemeji na debe la maharage. Wifi na kiroba cha unga. Ndugu wa kijiji cha Mkumbi walitembea tangu jana na viazi. Mjomba alisimama mlangoni mwa gari na daftari, akawarudisha wote.

"Hapana, mama. Hapana, shemeji. Asante, lakini gari limejaa."

"Limejaa nini? Mbona naona kitanda tu?"

"Limejaa kilo."

Walimwangalia kama mtu aliyepungukiwa. Halafu Mjomba akaingia nyumbani kumalizia chai, akaniambia, "Ida, linda mlango."

Bibi Serafina alikuwa ameshalazwa kitandani. Akanishika mkono. "Mjukuu wangu," akasema polepole, "nitamwangalia vipi dada yangu? Thelathini na minane. Niende kama niliyefukuzwa?"

Nikafungua mlango na kuwaonyesha wale waliorudishwa vikabati vyote kumi na vinne.

Maharage madebe matatu yakaingia chini ya kitanda. Unga ukapanda juu, kwenye vikabati vya ukuta wa kushoto, pale pa shuka na mkate. Viazi vikaingia chooni, hatimaye choo kikapata mteja. Kiroba cha kahawa, unyayo wangu ndio uliokisukuma nyuma ya tangi. Dakika kumi. Mjomba alipotoka akifuta midomo, mlango ulikuwa umefungwa na mimi nimeuegemea, nampigia mluzi kuku.

"Hakuna tena aliyeleta kitu?"

"Walileta maneno tu, Mjomba."

Watu wote waliocheka pale, alidhani wanamcheka yeye.

* * *

Mbinga tulipita saa tatu. Mpaka hapo nilikuwa na raha. Nilikaa kiti cha mbele kulia, kwa sababu usukani wa Kabati uko kushoto, nikawapungia wenye baiskeli mkono kama mke wa mkuu wa wilaya. Shida ilianza milima ya mbele. Kabati lilipanda linalia. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, halafu mvuke ukatoka mbele kama chungu cha kande.

Mjomba aliegesha, akashuka, akatazama magurudumu ya nyuma. Yalikuwa yamekaa chini kuliko ya mbele, Kabati limenyanyua pua kama mtu anayenusa.

"Mia sita na hamsini tu," akajisemea. "Mbona linalia hivi?"

Nikaangalia milima. Mizuri sana ile milima.

Aliweka maji kwenye rejeta, tukasubiri, tukaenda, likachemka tena. Saa tano na nusu. Saa kumi meli. Nyuma Bibi aliuliza, "Othmar, ni saa ngapi?" na Mjomba akajibu, "Mapema, mama," kwa sauti ya mtu anayejua si mapema.

Mara ya tatu lilipochemka akaamua. "Tunamwaga maji nusu. Kilo mia moja zishuke."

"Daftari linasema ama lijae ama liwe tupu," nikamwambia.

"Daftari liliandikwa na mtu asiye na mama kitandani wala rejeta inayovuja. Yote nikimwaga, tutakunywa nini? Nusu. Haki sawa kwa wote."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, mimi mwenye mdomo unaosifiwa tarafa nzima. Ningesema: Mjomba, acha maji, toa viazi. Lakini nilimwona Bibi kupitia dirisha dogo, macho yamefumba, midomo inahesabu rozari, na chini yake maharage ya ukoo mzima. Nikashika bomba, nikamwaga maji nusu tangi kandokando ya barabara.

Tulivuka kilele. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea ziwani.

Anayeijua barabara ile ya zamani, kabla ya lami, sihitaji kumweleza. Asiyeijua, achukue nyoka, amtupe ukutani, afuate anavyoanguka. Kulia mlima. Kushoto hewa. Na Mjomba, kwa ajili ya usukani ule wa Ulaya, alikaa upande wa hewa.

Kona ya kwanza nilisikia kitu nyuma kama mtu mzito anageuka kitandani. Pu! Kona ya pili, pu, upande wa pili. Kabati likayumba baada ya kona kuisha, jambo ambalo gari halitakiwi kufanya.

"Ni maji hayo," Mjomba akasema. Gia namba mbili injini ilinguruma, na bado uzito ulikuwa unatusukuma kwa mgongo. Akakanyaga breki. Akaachia. Akakanyaga. Harufu ikaingia, harufu ya kandambili iliyoungua.

"Othmar," Mama Mdogo akaita kutoka nyuma. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mizani. "Kuna kinachoungua."

"Najua."

"Punguza mwendo."

"Ndicho ninachofanya, dada!"

Kona ya tano, au ya sita, ilikuwa inakunja kulia kwa ghafla. Mjomba akaizungusha. Pua ikaenda. Maji hayakwenda. Yalibaki na njia yao ya zamani, kilo mia moja zikajirusha ukuta wa kushoto, kikabati kimoja cha juu kikafunguka na unga ukamwagika kama moshi, na mkia wa gari ukateleza kuelekea hewani. Nikasikia changarawe zikianguka, na sikuzisikia zinapofika chini.

Tukasimama.

Kabati lilikuwa limeinama kushoto. Mjomba mguu wote kwenye breki, mkono wote kwenye hendibreki. Hakugeuza shingo.

"Mtu asisogee," akasema taratibu sana. "Ida. Mlango wako uko upande wa mlima. Teremka kama paka. Tafuta mawe mawili, weka mbele ya magurudumu ya kulia. Halafu uniambie la kushoto nyuma limekanyaga nini."

Nilishuka. Mawe niliyapata. Nikainama kuchungulia chini ya gari, na gurudumu la kushoto nyuma lilikuwa limekanyaga barabara kwa nusu yake tu. Nusu nyingine ilikuwa inakanyaga majani yanayoelea juu ya korongo, na udongo chini ya ile nusu nzima ulikuwa unachuruzika kidogo kidogo kama sukari kwenye kona ya mfuko uliotoboka.

Nilirudi. Nikamwambia.

"Mama ashushwe," akasema.

"Kitanda chake kiko katikati," Mama Mdogo akajibu. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango wa pembeni, upande wa mlima, mgongo kwenye ukuta. "Kumbeba ni watu wawili, na mimi nikiinuka hapa, kaka, hili gari linakwenda. Nalisikia. Nilijaribu kunyanyua makalio tu, likalia."

Ikawa kweli. Kilo tisini na mbili zilizochekwa uani ndizo zilizokuwa zimetushikilia.

"Orodha," Mjomba akasema. "Ida, lete orodha. Tutoe vya kushoto kwanza, kimoja kimoja. Vya kulia tukivigusa kwanza, tumekwisha. Soma nini kiko kushoto."

Nikashika daftari. Herufi zangu mwenyewe, nzuri, za kidato cha nne. Kushoto: shuka mbili, mkate.

"Mjomba."

"Soma."

"Orodha hii ni ya uongo."

Bado hakugeuka. Nilimwona shingoni tu, mshipa mmoja.

"Kushoto juu kuna unga viroba vitatu. Choo kina viazi, gunia, nyuma kushoto. Nyuma ya tangi kuna kahawa. Chini ya Bibi kuna maharage madebe matatu. Nilifungua mlango mimi. Zote ni kama kilo mia mbili na thelathini."

"Nilimwomba mimi," Bibi Serafina akasema kutoka kitandani. "Ukitaka kupiga, anza na mimi."

Mjomba alivuta pumzi. Nilingoja tusi. Tusi lingeniponya. Akasema tu, "Saa ngapi?"

"Saba na robo."

"Basi fanya haraka polepole."

Niliingia kwa kutambaa. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, na kila hatua ya kwenda nyuma kushoto niliona kama natembea juu ya yai la mtu. Nikafika kwenye mfuniko wa tangi. Maji yote yalikuwa yamejikusanya kona ya kushoto, meusi, yanatikisika.

"Nifungue bomba?"

"Bomba linatokea juu ya lile gurudumu," Mjomba akasema. "Ukimwaga pale, udongo unaondoka wote."

Tukasikia tu changarawe.

"Ida," Mama Mdogo akaita. "Mlimani kwetu, shamba limesimama kama ukuta, mvua inanyesha, na udongo hauondoki. Kwa nini?"

"Mama Mdogo, huu si wakati wa mtihani."

"Jibu!"

"Kwa sababu ya ngolo."

"Ngolo ni nini?"

"Mashimo. Wanaume wanapanga majani miraba miraba, wanawake mnachimba katikati na kuyafukia."

"Mashimo mengi madogo," akasema. "Maji yakikaa peke yake ni mapole. Yakikutana yanabeba mlima. Hilo tangi lenu ni shamba bila ngolo. Usiyamwage. Yagawe. Chota, uniletee huku kwangu, kila chombo kidogo. Nipe hata kikombe."

Mjomba, bila kugeuka, akasema taratibu, "Toa kushoto, ongeza kulia. Dada, wewe ungekuwa dereva."

"Nani angenipa leseni? Nazidi kilo."

Basi nikachota. Kwa kata, bila kutikisa. Beseni la kumwogeshea Bibi likajaa, nikalisukuma sakafuni mpaka kwa Mama Mdogo. Sufuria mbili. Ndoo tatu. Chupa ya chai. Dumu la lita tano. Vikombe vya Wajerumani, sita, vyenye picha za paka. Mama Mdogo alivipanga kando ya ukuta wa mlima mstari mmoja, kimoja kimoja, kama mtu anayepanda mbegu. Vyombo vilipokwisha, Bibi akanyoosha mkono chini ya shuka na kunipa chombo chake cha usiku. "Kimeoshwa," akasema. "Usinitazame."

Kisha unga, kiroba kwa kiroba, nikivuta hadi mlangoni na Mama Mdogo akivipokea kwa mkono mmoja na kuvilaza upande wake. Viazi nilivitoa vichache vichache kwa kanga. Katikati ya kazi gari lililia kwa chini, kama mbwa anayeota, likashuka kidole kimoja. Bibi alianza Salamu Maria. Mjomba alikuwa anatokwa jasho mpaka linadondoka kwenye usukani.

"Mguu umekufa ganzi," akasema. "Ida, bado kiasi gani?"

Nikachungulia tangi. "Nimefika chini. Zimebaki kata mbili."

"Acha. Toka. Simama mbele ya mawe. Nikisema sasa, yaondoe uruke."

Niliruka nje. Niliweka mikono kwenye mawe. Injini ikawaka. Ndani Mama Mdogo alijilaza ubavu mzima kwenye ukuta wa mlima, amekumbatia beseni.

"Sasa!"

Niliyavuta. Kabati likasita, gurudumu la nyuma likazunguka hewani likarusha majani, likashika, na gari zima likapanda barabarani likasugua mlima kwa ubavu wa kulia, krrr, na kusimama mita kumi mbele. Nyuma yake kipande cha ukingo, sawa na meza ya kulia chakula, kikaondoka bila haraka na kwenda zake.

Mjomba alishuka. Akakaa barabarani. Breki zilikuwa zinatoa moshi. Nikashika sufuria ya maji, nikakimbilia gurudumu.

"Acha!" akapiga kelele. "Umeandika mwenyewe! Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka. Zisubiri."

"Meli, Mjomba."

"Zisubiri."

Nusu saa nzima tulikaa tunatazama chuma kikipoa, na ziwa tunaliona kabisa kule chini, bluu, kama kitu cha kununua. Hakuna aliyenigombeza. Ndiyo adhabu mbaya kuliko zote, na nadhani walijua.

Saa nane na nusu Mama Mdogo Ottilia akashuka kwenye gari. Kwanza alishusha unga, halafu viazi, kahawa, mwisho maharage. Akavipanga kando ya barabara upande wa mlima, akakaa juu ya kiroba kimoja, akajifunga kanga vizuri.

"Unafanya nini?" Mjomba akamwuliza.

"Nimeacha kukupa shida. Mzigo mia mbili na thelathini, na mimi tisini na mbili. Piga hesabu. Lori lolote litanichukua kesho."

"Dada, siwezi kukuacha..."

"Nenda, Othmar! Mama hakupanda gari kuja kuangalia viazi." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe, daraja la kwanza, umvalishe Mama soksi zake. Miguu inapata baridi."

Maji tuliyaacha katika vyombo vyake, sakafuni katikati, nimevizungushia shuka visitikisike. Mjomba alishuka kwa gia ya kwanza mpaka chini. Hakuna kilichogonga ukuta.

* * *

Honi ya kwanza ya meli tuliisikia tukiwa kwenye mihogo, tambarare. Saa tisa na dakika arobaini. Mjomba alikanyaga mafuta kama hana daftari. Tulipofika ufukweni watu walikuwa wengi, boti la kupeleka abiria kwenye meli limeshusha ubao, na wanaume wanne wamebeba kiti cha mti. Juu ya kiti alikaa mwanamke mwembamba, ana kilemba cheupe, anawagombeza wanaombeba.

"Mama Mkubwa! Shikamoo! Subirini!" Mjomba alipiga honi mpaka kuku wa Mbamba Bay wakahama.

Tulifungua mlango wa pembeni. Bibi Serafina alikuwa chali, unga umemjaa nywele na kope, mweupe kama mkate mbichi. Wale wanaume walileta kiti mpaka mlangoni wakakishusha. Dada wawili wakatazamana. Mawimbi yalikuja mara mbili.

"Umezeeka," Bibi Dorothy akasema.

"Ni unga."

"Unga gani?"

"Nilikuwa nao. Na maharage, na viazi, na kahawa." Akafungua viganja vyake. "Yamebaki mlimani, dada. Nimekuja mikono mitupu. Yaani hivi hivi."

Bibi Dorothy akanyoosha shingo, akachungulia ndani ya gari. Akaona beseni. Akaona sufuria mbili, ndoo, dumu, vikombe sita vyenye paka, chupa ya chai, na kile chombo kingine, vyote vimejaa pomoni, vinametameta.

"Hivi ni nini?"

"Maji," mimi nikasema. "Ya Mapera."

Akatazama vikombe. Akageuka kutazama ziwa lote, kutoka Mbamba Bay mpaka ng'ambo ya Malawi isiyoonekana. Akarudi kwenye vikombe. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni ugonjwa, na mmoja wa wanaume akamshika.

"Niache!" akasema, machozi yanamtoka. "Serafina! Miaka thelathini na minane, halafu unaniletea maji ziwani!"

Na Bibi yangu, ambaye tangu nyonga ivunjike hakuwa amecheka kwa sababu kucheka kulimuuma, alicheka. Aliumia na akacheka, akishika ubavu, akisema "Aii, aii, mama yangu," na dada yake ameinama amemshika kichwa, wanafutana unga kwa kilemba cheupe.

Honi ya pili. Mwenye boti akaanza kuita kwa ukali.

Bibi Dorothy akachukua kikombe kimoja, cha paka mwekundu, akanywa mpaka mwisho. Akakitia kwenye mfuko wake bila kuomba.

"Matamu," akasema. "Na hayo maharage, umesema yako wapi?"

"Juu, barabarani. Ottilia amekaa nayo. Yatafika kesho."

"Mwambie asiyapike yote." Wanaume walikuwa wameshainua kiti, maji yanawafika magotini, naye amegeuza shingo nyuma kututazama. "Serafina! Unasikia? Na wewe usirudi huko juu. Lala kwenye nyumba yangu, ufunguo uko kwa jirani, mama Lidia. Narudi kula maharage yangu."

Bibi Serafina aliinua mkono mtupu, akaushika juu mpaka boti lilipofika kwenye meli.